Injini ndogo, mzigo mkubwa: Turbo inakulipa au inakula mtaji?

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda, KAMPALA

PITA kwenye bondi za magari za Kampala, kuanzia Lugogo ukielekea Nakawa, na hata kabla hujauliza bei utaona kitu kinachobadilika. Magari ya miguu mirefu, yale ambayo mfanyabiashara wa mpakani huyatafuta kwa sababu lami haimfuati kila anakokwenda, yanakuja na injini zinazozidi kuwa ndogo. Palipokuwa na cc 3,000 sasa pana 2,400. Palipokuwa na 1,500 pana 1,000. Na nyuma ya Prado na Harrier zilizong'arishwa kwa ajili ya wenye fedha, kuna vijigari vya cc 660 tu, Pajero Mini, Terios Kid, Jimny, vikiwa na neno moja limebandikwa mlangoni au kwenye boneti: Turbo.

Mwenye bondi atakwambia gari hilo linanusa mafuta, halinywi. Lipeleke swali hilohilo kwa mafundi wa Ndeeba au kwa wauza spea wa Kisekka, na wengi watakushauri ukae mbali na turbo kama unavyokaa mbali na mkopo wa riba ya kila siku. Kila upande una ukweli wake, na kila upande una kitu cha kuuza. Anayebeba matokeo ni yule mwenye magunia ya maharage nyuma ya kiti, yuko kati ya Kyotera na Mutukula alfajiri, mteja anamsubiri upande wa pili, na taa ya oili imewaka kwenye dashibodi.

Makala haya ni kwa ajili yake.

Tuanze na kazi ya chombo chenyewe, maana biashara nyingi za uongo hupita pale mnunuzi asipojua kitu kinafanya nini. Injini ni pampu ya hewa. Kila gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue vizuri, kwa hiyo nguvu ya injini inategemea hewa inayoweza kuvuta. Injini kubwa huvuta hewa nyingi kwa sababu silinda zake ni kubwa. Turbo inafika hapohapo kwa njia ya mkato: ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka, ambao ungepotea bure kwenye ekzosi. Ya pili inaibana hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Injini yako ikizunguka mara elfu tatu kwa dakika, mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000, na kwenye turbo ndogo za magari ya cc 660 ni zaidi sana ya hapo. Katika turbo nyingi mhimili huo haukai juu ya gololi. Unaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Kumbuka utando huo, tutaurudia.

Kwa nchi zetu turbo ina hoja moja ambayo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hawezi kuihisi sana: mwinuko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabale, njiani kwenda Katuna, ni karibu mita 2,000. Anayetoka Malaba kwenda Nairobi kupitia Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako hewa ni nyepesi kiasi cha kumfanya hata mpanda baiskeli mgeni aketi chini. Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Injini iliyoandikiwa farasi 100 kule Japan inafika Kabale ikiwa na farasi 80 hivi. Ndiyo maana gari lililokuwa jepesi Masaka linaanza kulia kwenye milima ya Kigezi, nawe unalaumu petroli uliyoijaza Mbarara.

Turbo hufidia upungufu huo kwa kuibana ile hewa nyepesi hadi ijae. Lakini haifanyi hivyo bure. Inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayobanwa zaidi inakuwa moto zaidi. Yaani mlima ambao turbo inakusaidia kuupanda ndio huohuo unaoichosha.

Sasa mafuta, kwa kuwa hapo ndipo pesa ilipo.

Japan ina daraja la magari madogo linaloitwa kei. Injini isizidi cc 660, urefu wa gari usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na watengenezaji walikubaliana wenyewe kwamba nguvu isizidi farasi 64. Mhandisi aliyefungiwa ndani ya cc 660 na kutakiwa atengeneze gari la kupanda mlima lenye chuma cha kutosha hana pa kwenda isipokuwa kwenye turbo. Terios Kid na Jimny za kei zote zina turbo. Pajero Mini zilitoka za aina mbili, yenye turbo na isiyo nayo, jambo ambalo mnunuzi wa haraka hulijua akiwa ameshalipa.

Suzuki imetufanyia kipimo kizuri bila kukusudia. Jimny mpya iliyotoka mwaka 2018 inauzwa Japan kwa injini mbili: cc 658 yenye turbo, na cc 1,462 isiyo na turbo, ile inayoitwa Sierra. Magari ni karibu yaleyale, isipokuwa Sierra ina upana zaidi kidogo. Kwa kipimo rasmi cha Japan cha WLTC, matoleo hayo ya kwanza yenye gia ya mkono yalipata kilomita 16.2 kwa lita kwa injini ndogo ya turbo, na 15.0 kwa ile kubwa. Ushindi mdogo kwa turbo. Lakini ya gia otomatiki, aina ambayo wateja wengi wa Kampala huitaka kwa sababu ya foleni, turbo ndogo ilipata 13.2 na ile kubwa isiyo na turbo 13.6.

Soma tena hapo. Injini kubwa kwa zaidi ya mara mbili ilikunywa kidogo kuliko ile ndogo.

Sababu si uchawi. Mafuta hayafuati cc, yanafuata kazi. Ukiendesha taratibu kwenye tambarare bila mzigo, injini ndogo inashinda kwa sababu ina chuma kidogo cha kuzungusha na msuguano mdogo. Ukiidai nguvu, turbo inaamka, hewa inaongezeka, na petroli nayo lazima iongezeke kulingana na hewa hiyo. Ukiidai nguvu nyingi kwa muda mrefu, komputa ya gari huongeza petroli hata kupita kipimo ili ipoze silinda na turbo isiungue. Hapo unachoma petroli kama maji ya kupozea, na hakuna maji ya bei hiyo.

Ndiyo maana Toyota Raize ya cc 996 yenye turbo, iliyoingia sokoni Japan Novemba 2019 na sasa inajaa kwenye bondi zetu, inafanya vizuri zaidi. Takwimu yake rasmi ni kilomita 18.6 kwa lita ikivutwa na magurudumu mawili na 17.4 ikivutwa na manne. Si kwamba turbo yake ni ya ajabu. Gari lenyewe lina uzito wa karibu tani moja tu na limeundwa kupita kwenye upepo bila kupigana nao. Jimny ni sanduku lenye chesisi ya ngazi. Raize ni gari la mjini lililovaa buti. Kwenye tope la barabara za ndani kule Ituri utaona tofauti yao mara moja, na safari hii Jimny ndiyo itakayoshinda.

Kuna namba nyingine ambayo haibandikwi kwenye kioo pale bondi. Japan huhesabu uzito wa abiria mmoja kuwa kilo 55. Gari la kei la watu wanne linapewa uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kujumlisha uzito wake mtupu na kilo 220, basi. Magunia mawili ya mchele ya kilo mia mia na dereva aliyeshiba, umeshapita. Hata vile vipikapu vya kei vilivyoundwa kwa mizigo hasa havipewi zaidi ya kilo 350. Nimewahi kuona Pajero Mini pale Kyotera imelala kwa nyuma kama mbwa aliyeketi, na mwenyewe anafunga gunia la tano.

Tupige hesabu, kwa namba za mviringo ili kila mtu aweze kuweka zake. Kampala hadi Mutukula na kurudi ni kilomita 420 hivi. Tuseme lita ya petroli ni sh 5,000. Tuseme gari lako la zamani la cc 2,000 lisilo na turbo linakwenda kilomita 9 kwa lita, na kijigari cha turbo chenye mzigo wa kiungwana kinakwenda 14. La kwanza litakula sh 233,000 kwa safari, la pili sh 150,000. Umeokoa sh 83,000. Ukienda kila wiki, na tuseme turbo ikifa itakugharimu milioni mbili pamoja na ufundi, basi safari 24 zimeshailipa. Nusu mwaka.

Sasa kipakie kijigari hichohicho kupita kiasi hadi kishuke kilomita 11 kwa lita. Safari inakugharimu sh 191,000, unaokoa sh 42,000 tu, na ile turbo itakulipa baada ya safari 47. Na kwa kuwa umeipakia hivyo, haitafika safari ya 47.

Waliokuwa barabarani Januari 2022, madereva wa malori walipogoma pale Busia na Malaba kwa sababu ya vipimo vya corona na mafuta yakakatika nchini, wanakumbuka jinsi lita ilivyofika sh 10,000 na zaidi katika baadhi ya wilaya. Weka bei hiyo kwenye hesabu ya hapo juu na utaelewa kwa nini vijigari vya kei vinapata wateja Uganda hata kwa watu wanaovicheka.

Turudi kwenye ule utando wa oili.

Turbo nyingi zinazoletwa kwa mafundi hazikufa kwa uzee. Zimeuawa, na muuaji wa kwanza ni oili. Ratiba ya Suzuki kwa injini zake za kei zenye turbo ni kubadilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, na kwa matumizi magumu, yaani vumbi, milima na mizigo, ni kilomita 2,500 au miezi mitatu. Matumizi magumu kwa Mjapani ndiyo Jumatatu ya kawaida kwetu. Kwa anayekwenda Mutukula kila wiki, kilomita 2,500 ni kila baada ya safari ya sita. Ukisubiri safari ya kumi na mbili, injini ya Corolla ya zamani itakusamehe. Turbo haisamehi, kwa sababu oili iliyochoka huungua ndani ya kibanda chake na kuwa makaa, makaa huziba kijitundu kinachopitisha oili, na ule mhimili unaanza kusuguana na chuma.

Oili yenyewe iwe ya kweli. Dumu linalouzwa nusu ya bei ya jirani lina sababu yake. Na kwa injini mpya za petroli zenye turbo, tafuta kwenye dumu herufi API SP, kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2020. Kilitungwa kwa sehemu kubwa kuzikinga injini ndogo za turbo dhidi ya mlipuko wa kabla ya wakati ndani ya silinda, ambao unaweza kuivunja pistoni kwa pigo moja.

Muuaji wa pili ni haraka. Gari limepanda kilima, limekuja mbio, linafika mpakani, dereva anazima injini papo hapo na kukimbilia dirisha la forodha. Pampu ya oili imesimama, lakini feni ya turbo bado inazunguka na kibanda chake kina joto la kuivisha matofali. Oili iliyobaki inaungua hapohapo. Dawa ni kuiacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, au kuendesha polepole kilomita mbili za mwisho. Zamani foleni ya mpakani ilikupozea turbo bila wewe kujua. Tangu vituo vya pamoja vya forodha vianze kazi, kama kile cha Mutukula kilichofunguliwa na marais Museveni na Magufuli mwaka 2017, foleni ni fupi na itakubidi uipoze mwenyewe. Maendeleo nayo yana gharama zake.

Muuaji wa tatu ni vumbi. Filta ya hewa iliyoziba huifanya turbo ivute kwa nguvu hadi ivute na oili kupitia sili zake. Filta iliyotoboka, au bomba la hewa lenye ufa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, hupitisha mchanga unaokwangua feni inayozunguka mara laki moja kwa dakika. Wakati wa kiangazi, wenye njia za murram wafungue kasha la filta kila baada ya safari. Ni kazi ya vibanio vinne. Halafu kuna rejeta: turbo nyingi za siku hizi hupozwa pia kwa maji ya injini, kwa hiyo kujaza maji ya bomba badala ya kulenti ni kuialika kutu iingie kwenye mirija myembamba kuliko majani ya kunywea soda.

Upande wa dizeli habari ni nyingine kabisa, na hapa mwandishi huyu ataegemea upande wa turbo bila aibu. Chukua Hilux. Injini ya zamani ya 5L, cc 3,000 bila turbo, ile inayopendwa na kila fundi kutoka Arua hadi Kigoma, ina nguvu ya kukokota ya Nm 200 hivi. Injini ya cc 2,400 yenye turbo iliyoanza kufungwa kwenye Hilux mwaka 2015 inafika Nm 400 kwenye matoleo yake yenye nguvu zaidi. Ndogo kwa cc 600, inakokota maradufu. Au angalia Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari la misaada, la migodini na la jeshi. Injini yake ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164, haina turbo na inatoa Nm 285. Tangu 2023 Toyota imeanza kuifungia gari hilo pia injini ya silinda nne ya cc 2,800 yenye turbo, na hiyo inatoa Nm 500. Kwa pikapu inayobeba tani moja ya samaki waliokaushwa kupanda kuelekea Fort Portal, hiyo ni tofauti ya gia mbili na lita kadhaa.

Isitoshe, dizeli na turbo ni ndugu. Injini ya dizeli haihitaji kuongezewa mafuta ili ipoe kama ya petroli, hewa ya ziada haiiumizi, na imejengwa kwa chuma kizito tangu mwanzo. Ndiyo maana hakuna anayeuliza kama lori lina turbo. Karibu yote ya siku hizi yanayo.

Lakini 1HZ bado inauzwa, na wanaoinunua si wajinga. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina komputa ya kuomba ruhusa, na fundi wa Bunia au Yei anaweza kuifungua kwa spana alizonazo. Injini mpya za turbo husukuma dizeli kwa mgandamizo wa karibu baa 2,000 na zaidi kupitia nozo zenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Dizeli ndiyo inayozilainishia pampu na nozo hizo. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ulainisho unapungua na pampu inajila yenyewe, kisha vipande vya chuma vinasafiri hadi kwenye nozo zote nne. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka dizeli isiyozidi salfa sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, na Uganda ina mpango wa kuweka alama kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji. Yote hayo hayakusaidii unapojaza kutoka kwenye dumu la njano kando ya njia baada ya kuvuka Elegu.

Kwa hiyo njia iamue. Anayezunguka Kampala, Busia, Kigali na Bukoba, ambako vituo vya mafuta vina majina na mafundi wana mashine ya kusoma komputa, achukue dizeli ndogo ya turbo na asiangalie nyuma. Anayekwenda Juba na kuendelea ndani, au anayeingia Kongo kupita Beni, atafute ya kizamani kama mfuko unaruhusu. Hilo nalo linabadilika. Uganda na Kongo zilikubaliana kujenga kilomita 223 za barabara, zikiwamo za Kasindi hadi Beni na Butembo na zile za Bunagana hadi Goma, na lami ikifika, vituo vya mafuta na mashine za kusoma komputa huifuata.

Katikati ya 5L na hizi mpya kuna injini moja inayostahili onyo lake, kwa kuwa imejaa kila mahali: 1KD ya cc 3,000, yenye turbo, kwenye Prado, Surf na Hilux za miaka ya 2000 hadi 2015. Ni injini nzuri yenye ugonjwa mmoja unaojulikana duniani kote. Washa za shaba chini ya nozo huanza kuvuja, masizi yanashuka kwenye oili, yanaziba chujio la pampu ya oili kule chini, na turbo ndiyo ya kwanza kukaukiwa. Mwenye gari anabadilisha turbo, inakufa tena baada ya mwezi, anamlaani aliyemuuzia. Turbo haikuwa na kosa. Ukinunua gari lenye injini hiyo, badilisha washa hizo na ufungue karai la oili kabla ya safari ya kwanza ya mbali.

Angalieni pia dizeli zilizotoka Japan zikiwa na mtego wa masizi kwenye ekzosi. Mazda CX-5 ya cc 2,200 ni mfano. Mtego huo unahitaji mwendo wa kasi wa muda mrefu ili uyachome masizi. Ukiishi kwenye foleni ya Jinja Road na kupeleka bidhaa Owino na kurudi, unaziba, na gari linapoteza nguvu. Prado za cc 2,800 zilizotengenezwa kwa soko la Japan kuanzia 2015 zinahitaji pia kujazwa maji ya urea. Yakiisha, gari likizimwa haliwaki tena. Uliza yanauzwa wapi kabla hujapanga safari ya Kisangani.

Za petroli zenye sifa ya matatizo nitazipitia haraka, maana nyingi si magari ya kazi. Subaru Forester ya cc 2,000 yenye turbo, kipenzi cha vijana wa Kampala, iliundwa kwa petroli ya okteni ya juu ya Japan, na ukiipa ya kawaida halafu ukaikimbiza, pistoni ndizo zitakazolipa. Volkswagen Tiguan ya cc 1,400 ya miaka ya mwanzo ilijulikana kwa minyororo ya taiming na pistoni kuharibika mapema. Ni gari tamu. Si la kubebea vitenge.

Sheria nayo inachagua kwa niaba yako. Uganda imezuia tangu 2018 kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya inakubali lisilozidi minane, na ushuru wake wa bidhaa unatenganisha gari la hadi cc 1,500 na lililozidi hapo, jambo linaloipa Raize na wenzake nafasi nzuri. Pajero Mini na Terios Kid uzalishaji wake ulikoma zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa hiyo mlango wa Kenya umeshafungwa na wa Uganda unakaribia. Zitakazobaki zitaishi kwa spea za kuchinjia magari mengine. Na anayenunua akiwaza kuja kuuza upande wa pili akumbuke kwamba Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia.

Ukishaamua, nenda bondi asubuhi, kabla hawajaiwasha. Gusa boneti, iwe baridi. Simama nyuma ya ekzosi wakati inawashwa: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Vua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, shika ncha ya feni kwa vidole viwili, itikise. Kuchezacheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida. Kuingia na kutoka, au feni kugusa ukuta wake, ni mwisho wa mazungumzo. Chungulia ndani ya bomba linalotoka kwenye intakula. Unyevunyevu wa oili si neno, kidimbwi ni neno. Kisha omba karatasi ya mnada wa Japan, ile yenye kilomita halisi, na uilinganishe na dashibodi. Mwenye bondi akikataa kukupa, bondi inayofuata iko hatua hamsini.